Namba Moja ya Fundi Sikio

Fundi aliinamisha kichwa hadi shavu likagusa dashibodi, akafumba macho, kisha akainua kidole kuwanyamazisha watu wote gerejini, ingawa mle ndani alikuwamo yeye na mwenye gari tu.

Ndivyo alivyofanya kazi miaka thelathini. Wenzake walikuwa na mashine za kupimia. Yeye alikuwa na masikio, ndiyo yaliyompa jina la Sikio. Aliijua beringi iliyochoka gari likiwa bado barabarani. Wateja walimfuata kwa ajili ya masikio hayo, na yakimtoka, alijua fika kwamba nao wangemtoka.

Ugonjwa wa leo ulikuwa mwepesi. Feni ya hita ilikuwa na kasi nne, lakini ilivuma kwenye namba nne pekee.

"Nachagua kati ya kuganda na kupeperushwa," alisema mwenye gari, mkunga aliyetoka zamu.

"Rezista imeungua. Ndiyo inayopunguza umeme wa feni. Namba nne haipitii kwake, ndiyo maana imepona."

Akachomoa kidroo cha dashibodi, akafungua skrubu mbili, akatoa kidude chenye nyaya zilizoungua. Akafunga kipya, akazungusha swichi. Namba nne ikanguruma. Namba tatu ikafuata, na ya pili kwa mbali. Namba moja, kimya. Akavilaani viwanda vya siku hizi, akafunga rezista nyingine. Kimya. Sasa alianza kuitilia shaka swichi, na kijasho kikamtoka.

Kimya hicho alikifahamu. Kwa miezi sita sasa mkewe alikuwa akiongelea ndani ya mdomo, au hivyo ndivyo Sikio alivyojiambia, naye akawa anamjibu "sawa" kwa kila jambo. Hivyo ndivyo alivyojikuta amekubali shemeji yake akae mwezi mzima, na sebule ipakwe rangi ya waridi.

"Fundi," mkunga aliuliza alipomwona akifungua boksi la tatu, "na hiyo ni ya nini?"

"Namba moja bado imekufa."

Mkunga alitazama matamvua ya mtandio wake, yaliyokuwa yakicheza taratibu mbele ya tundu la hewa. "Hebu weka mkono hapa."

Akauweka. Hewa ya vuguvugu ikampita katikati ya vidole.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza. Nilidhani unaibembeleza tu." Kisha mkunga akamwangalia vizuri zaidi, akasema kwa sauti ya kutosha, "Namba moja huwa haina kelele, fundi."

Sikio alishukuru na kuona haya kwa wakati mmoja. Namba moja ilikuwa na sauti yake sikuzote, kama mtu anayepuliza chai.

Jioni alimkuta mkewe jikoni, amempa mgongo, anakata vitunguu. Alisimama mlangoni.

"Mke wangu, sikukusikia. Masikio yangu yamechoka. Rudia, tafadhali."

Kisu kikatulia. Mkewe akageuka polepole.

"Sijasema kitu bado."

Sikio alimwona akicheka kabla hajakisikia kicheko chenyewe. Mkewe akajipangusa mikono, akavuta viti viwili hadi magoti yao yakagusana.

"Basi kaa," alisema akimtazama usoni. "Tuanze na ile rangi."