Mayai ya Bata kwa Wakwe

Wifi yangu Rahela alifiwa na mume binti yao Shiuli akiwa bado ananyonya. Tangu hapo aliishi kwa bata. Huku kwetu Kishoreganj maji hufunika mashamba miezi na miezi. Kuku hawana pa kukanyaga, lakini bata huona ni sikukuu. Kila asubuhi Rahela aliwaswaga kwa mtumbwi, sari ameikaza kiunoni, na wanaume wakimcheka. Aliwaacha wacheke. Shiuli akasoma hadi akawa mwalimu.

Mwalimu mwenzake, Tofazzal, akaleta wazee wake kutoka mjini kuposa: baba yake na shangazi yake, Bi Jobeda. Wiki ile ugonjwa wa kideri ulikuwa umemaliza hata kuku wachache wa kijiji.

"Wifi, nivuke ng'ambo nikaombe mayai ya kuku?" nilimwuliza. "Watu wa mjini wanasema ya bata yana shombo."

"Shombo ni la mpishi. Wewe menya vitunguu."

Aliyachemsha, akayamenya, akayachanja kwa kisu, akayapaka manjano na chumvi. Kisha akayakaanga kwenye mafuta ya haradali mpaka ngozi ikafanya malengelenge ya dhahabu, ndipo akayatumbukiza kwenye rojo zito la vitunguu na tangawizi. Mengine aliyaponda na pilipili iliyochomwa. Ya mwisho, mabichi, aliyapigapiga na kitunguu na pilipili mbichi, yakafura kikaangoni kama mto wa kulalia.

Bi Jobeda alitazama sahani, akaziba pua kwa ushungi. "Mayai ya bata haya? Sisi kwetu hatuli."

"Leo mko kwetu, dada," Rahela alijibu, akimpakulia wali.

Baba mtu hakungoja. Alipasua yai, kiini chekundu kikaangukia wali, akatafuna kimya, kisha akasogeza sahani. "Mama Shiuli, ongeza rojo."

Bi Jobeda akaonja kidogo yale ya kuponda. Akaonja tena. Lakini mdomo wake haukushindwa. "Chakula kizuri, sikatai. Ila wakishaoana, mambo ya kuchunga bata yasitajwe mbele za watu. Tuna heshima zetu."

Rahela akaweka upawa chini, taratibu.

"Dada, binti yangu hajawahi kulala njaa, wala hajawahi kuvaa cha kuombaomba. Bata ndio waliofanya hayo. Mkiona aibu kuwataja, basi kuleni mshibe, na mtumbwi uko tayari kuwarudisha."

Shiuli akatoka nyuma ya pazia, ushungi kichwani, sauti haitetemeki: "Na mimi niliwachunga, shangazi. Najua kuwaita wote wakaja. Mkitaka nitawaonyesha."

Tofazzal akashindwa kujizuia, akacheka. "Shangazi, mimi mwenyewe nilishawaona. Anawaita vizuri kuliko anavyoita wanafunzi!"

Mzee naye akacheka mpaka akapaliwa na wali. Bi Jobeda akanuna, lakini sahani yake ilirudi jikoni nyeupe.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Rahela alikataa mpishi wa kukodi; alisimamia masufuria mwenyewe, na safari hii kulikuwa na mbuzi pia. Mgeni mmoja wa mjini akamwuliza Tofazzal mama wa bibi harusi ni yupi.

"Yule pale," Tofazzal akasema kwa sauti ya kusikika uani kote. "Mwenye bata wengi kuliko wote huku."

Nilikuwa nimebeba sinia. Nikajikuta nimenyoosha mgongo.