Usibaki, Marivic

Purita hakuwahi kuipenda ile blogu. Tusidanganyane, hakuwahi hata kuisoma. Mdogo wake Marivic alipokuwa Hong Kong akimlea bikizee mmoja kwenye ghorofa refu, hakuchoka kutuma ujumbe: "Manang, nimeandika, pita usome." Manang ndivyo anavyoitwa dada mkubwa huku Ilocos, kwa Wafilipino, na manang mwenyewe alikuwa akijibu: "Umeandika nini tena? Umepika uji? Umefua soksi? Mwanamke mzima unautangazia ulimwengu soksi!" Marivic anacheka, anasema haya, basi. Kesho anaandika tena.

Sasa Marivic amerudi nyumbani Bacarra, na Purita angetoa chochote amsikie akisema habari za soksi.

Maana alirudi, lakini alirudi nusu. Bibi Kwok, yule bikizee, alifariki asubuhi. Wanawe wakaja, wakafunga nyumba, wakamkatia Marivic tiketi ya jioni ile ile. Alikusanya nguo zake kama mtu anayekimbia moto. Alipofika, mama yao, Nanang Basilia, hakumkumbatia kwanza. Alimzuia mlangoni.

"Ulijiita?"

Marivic akamtazama tu.

"Nakuuliza, ulipotoka kule, ulijiita jina?"

Kwa watu wa huku hilo si swali la mchezo. Mtoto akitoka kuoga mtoni, mkulima akitoka shambani, mgeni akitoka nyumba ya watu alikolala, hujiita mwenyewe kwa jina: fulani, twende, usibaki. Roho ni nzito kuondoka. Mwili ukitoka mbio, yenyewe inaachwa nyuma, inaendelea na shughuli zake haina habari. Marivic alilijua hilo tangu anaota meno. Lakini siku ile, kwa vile alivyosukumwa sukumwa na wenye nyumba, alijisahau.

Basi akawa mtu wa kukaa kwenye benchi la barazani, mikono mapajani, macho barabarani. Ukimtia chakula mdomoni, anakiweka shavuni mpaka umwambie ateme. Kwenye zahanati walimpima damu, wakampima mkojo, wakasema hana ugonjwa, apewe vitamini. Nanang alichukua blauzi yake, akasimama njia panda, akaipunga na kuita "Marivic, njoo, usibaki!" mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Mashavu yakazidi kubonyea. Purita akahamishia kazi yake ya kusuka mafungu ya vitunguu saumu pale pale barazani ili asimwache peke yake, na kila alipomtazama alijiambia: huyu anatufia hivi hivi tunamwona.

Siku moja alishika simu ya Marivic atafute picha za huko, pengine akizionyeshwa atashtuka. Badala ya picha, kidole kikafungua blogu. Juu kabisa paliandikwa:

"Leo Bibi hataki uji. Nimempa yai la chumvi, akala nusu. Nimepiga deki mara mbili kwa sababu ya unyevu. Mvua haikatiki, nguo zote zimening'inia bafuni."

Tarehe ilikuwa ya leo.

Purita akamgeukia mdogo wake. Yupo kwenye benchi, mikono mapajani.

"Wewe ndiye unayeandika? Marivic! Unatuchezea akili?"

Nzi alitua kwenye kope ya Marivic, na Marivic hakupepesa.

Purita akaitia simu kwenye mfuko wa aproni, akaufunga mfuko kwa pini, akalala nayo. Kesho yake mchana, simu haijatoka kiunoni mwake, akaifungua: "Leo nimemkata Bibi kucha za miguu. Anasema mikono yangu mizito kama ya mchinja nguruwe. Samaki wa leo hakuwa mzuri."

Aliitupa ndani ya kikapu cha vitunguu, akakaa mbali nayo. Bibi Kwok amekufa. Marivic yuko barazani. Sasa nani anamkata nani kucha?

Nanang alipoambiwa hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anachambua majani ya mlonge, na aliendelea kuchambua.

"Si nilisema? Yuko huko."

"Huko wapi, Nanang? Ile nyumba wameshaifunga!"

"Wameifunga, yeye hawajamwambia. Hapo kwenye simu, mtu hawezi kuandika jibu?"

"Anaweza. Chini yake pana nafasi."

"Basi hapo ndipo mlangoni. Mwite. Au unataka nikuchoree?"

Purita akaandika kwa herufi kubwa: MARIVIC RUDI NYUMBANI SASA HIVI, MAMA ANALIA. Kesho yake ikaja: "Leo nimebadilisha mashuka." Akaandika tena, hasira zimempanda: una nini wewe, unamlea maiti, na sisi huku tunakulea wewe! Ikaja: "Leo jua limetoka kidogo. Nimeanika mto wa Bibi dirishani."

Siku hiyo Marivic alikataa hata maji. Yalimtiririka kidevuni, yakashuka shingoni, yakalowesha gauni. Nanang alimfuta, kisha akageukia ukutani asionekane uso.

"Unamwita kama unaita mbuzi," alisema akiwa amewapa mgongo. "Wewe ungekuja?"

"Sasa nimwiteje?"

"Mimi nijulie wapi? Mtoto ameandika miaka yote hiyo. Alikuwa anaandika nini?"

Purita hakuwa amesoma hata moja, na mama yake alijua.

"Soma," Nanang akasema. "Anzia mwanzo. Na usome kwa sauti, hivyo vidudu macho yangu hayavioni."

Akasoma. Alisoma akisuka vitunguu, akasoma wali ukichemka, siku baada ya siku. Marivic alipotea sokoni akauliza njia mpaka akaishia kununua bata asiyemtaka. Marivic alikaa Jumapili nzima juu ya maboksi chini ya daraja na Wafilipino wenzake, wakisukana nywele na kulia kwa zamu. Marivic aliungua mkono kwa mafuta, akaupaka dawa ya meno.

"Hilo la kuungua hakuniambia!" Nanang aling'aka.

"Alituambia, Nanang. Ndiyo haya."

Benchini Marivic hakugeuka. Purita akaendelea mpaka akafika kwenye andiko moja, akaanza kulisoma kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Leo Bibi ameniuliza, kila mchana unabofya nini hapo? Nikamwambia naandika mambo ya leo. Akasema, mambo gani, leo hakuna kilichotokea. Nikamwambia ndiyo maana naandika. Nyumba hii naipiga deki mpaka sioni nilipokanyaga. Nikilala, siku yangu imeshafutika, kama sikuwepo. Nikiandika, najua nilikuwepo. Akauliza, na nani anasoma? Nikasema dada yangu, anasoma kila siku, ananicheka sana. Bibi akasema, basi nisomee na mimi."

Purita hakuweza kuendelea. Alilia kilio cha msibani, kwa sauti, vitunguu vikimporomoka mapajani. Chini ya andiko lile, kama chini ya mengine yote ya zamani, pale pa majibu palikuwa patupu. Miaka yote hiyo Marivic alikuwa na msikilizaji mmoja tu duniani, bikizee wa watu, tena kwa Kichina cha kuokoteza. Sasa mnashangaa roho imeganda kule?

"Nanang, alinisingizia wema," alisema kwa kwikwi. "Mimi sikusoma hata moja."

"Sasa umesoma. Futa kamasi, umwandikie."

Purita akaandika chini ya andiko la siku ile, polepole, kidole kimoja: "Marivic, ni mimi Purita. Nimesoma ya soksi, nimecheka. Ya mkono nimelia. Huku leo tumepika mlenda na biringanya, Nanang kazidisha bagoong, unaijua chumvi yake ya samaki, ndimi zimetuwasha. Kuku mweupe ametaga ndani ya kiatu cha baba yetu, marehemu Tatang."

Kesho yake mchana alifungua pini, akatoa simu.

"Leo nimesugua jiko. Kiatu kipi, cha kushoto?"

Ukelele alioupiga ulimtoa Nanang jikoni na mwiko mkononi. Kwenye benchi, Marivic alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anatazama miguu yake. Walipompa maji, akameza.

Kuanzia hapo Purita akawa haachi kuandika. Jirani kagombana na padri kuhusu kengele, akaandika. Mvua imeloanisha vitunguu, akaandika. Na majibu yakawa yanakuja katikati ya mashuka na uji: "Mwambie Nanang mlenda bila karela si mlenda, tulishaongea." Nanang akacheka mpaka akashika mbavu, na siku hiyo Marivic alitafuna. Usifikiri Purita hakuogopa. Aliogopa sana. Siku nyingine harufu ya mafuta ya kuchua, yale makali ya wazee, ilipita barazani mwao wakati hakuna aliyejichua. Lakini mdogo wake alikuwa anatafuna, basi akaandika hivyo hivyo na woga wake.

Mwishowe akaona sasa wakati umefika. Akaandika maneno yenyewe: "Marivic, twende. Usibaki."

Jibu lilikuja mchana, na halikuwa na deki wala uji.

"Manang, nimekusikia. Bibi naye anasema niende, anasema amenichoka, lakini anasema huku amenishika mkono. Wanawe hawajaja hata kumwashia udi. Ameshakuwa haoni vizuri, anaogopa giza. Nikiondoka, nani atamsomea? Siwezi. Mniwie radhi."

Purita alimsomea mama yake, kisha akakaa chini sakafuni.

"Basi, Nanang. Amechagua."

"Amechagua nini? Mimi ndiye niliyemlea hivyo," Nanang alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira na fahari pamoja. "Ulitaka amwache mzee wa watu gizani? Mwambie aje naye."

"Aje na nani?"

"Na bibi yake."

"Nanang! Unataka tumwingize maiti wa watu humu ndani?"

"Tatang wako ni nani, si maiti? Na si tunampakulia sahani yake kila sikukuu? Sahani moja zaidi itanifilisi? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Andika."

Kusema ni rahisi. Purita ni mtu ambaye akitoka matangani hupitia kwanza dukani, anunue hata kiberiti asichokihitaji, ili marehemu apotezwe njia asimfuate nyumbani. Leo amwalike kwa mkono wake mwenyewe! Tena mgeni asiyemjua, wa lugha asiyoijua. Alitoka barazani akamtazama mdogo wake. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza juu ya shingo ya gauni, na midomo ilikuwa imepasuka. Purita akafanya ishara ya msalaba, akaandika:

"Marivic, twende. Bibi Kwok, twende. Msibaki. Mlango uko wazi. Tunakula samaki."

Kesho yake blogu haikuandikwa kitu. Mchana ukafika, ukapita, Purita akifungua na kufunga pini mpaka akajichoma. Nanang yeye alikuwa anapika. Aliandaa meza kama ya sikukuu: samaki wa kuchoma, mlenda na karela yake, wali. Kabla hajampakulia aliye hai yeyote, alitenga sahani moja, wali, kipande cha samaki cha mgongoni, yai la chumvi, akaiweka upande wa dirishani.

"Hakuna kitu, Nanang," Purita alisema. Akajibwaga kwenye kiti cha upande wa dirishani. "Nimemwua. Ningemwacha alivyokuwa, angalau alikuwa anaandika."

Benchi la barazani likalia.

Marivic akatokea mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Mkono mmoja alikuwa ameushika mlango. Mwingine ulikuwa nyuma yake, umenyooshwa chini kidogo, vidole vimefumbata.

"Taratibu," alisema, sauti imekauka kwa kutotumika. "Hapa pana kizingiti."

Alisubiri. Akavuta hatua moja, akasubiri tena. Ile harufu ya mafuta ya kuchua ikaingia pamoja nao. Nanang alikuwa na upawa hewani, machozi yanamdondokea kwenye wali, na alichoweza kusema ni "Karibuni, karibuni."

Marivic akafika mezani, akamtazama dada yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Manang, sogea. Umekaa pake."

Purita aliruka utadhani kiti kina moto. Marivic akakivuta kile kiti, akangoja kidogo, akakisogeza ndani kwa upole kama anayemkalisha mtu. Kisha akakaa cha pembeni yake, akavuta sahani, akala. Alikula samaki, akala mlenda, akalamba vidole. Purita alisimama na mgongo ukutani, analia na kuogopa na kufurahi, hajui aanze na lipi.

"Simu yangu iko wapi?" Marivic akauliza.

Purita akafungua pini.

"Andika wewe, mikono yangu haina nguvu. Andika, leo tumekula samaki nyumbani."

Purita akaandika. "Tumekula samaki nyumbani. Samaki alikuwa mzuri."

Marivic akainamisha kichwa upande wa kile kiti kitupu, akasikiliza, akacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Hapana, Manang, futa hapo. Bibi anasema ana miiba mingi."

Purita akafuta, akaandika vile alivyoambiwa.