Suti ya Kuvaa Mara Moja

Nasiri, fundi cherehani wa Biryogo, hakuwa na ule ugonjwa wa mafundi wa "njoo kesho". Akisema Jumanne ni Jumanne, na mwenye shaka akaulize mtaa mzima. Ndiyo maana mkewe, Mama Kaze, alishangaa kumsikia anamdanganya polisi.

Polisi mwenyewe ni Nsengiyumva, mteja wa miaka mingi. Kazi yake ni ajali za barabarani, kule kwenye mteremko wa Gatsata, malori yanapokatika breki. Yeye ndiye hupokea simu inapolia mfukoni mwa marehemu. Jumatatu hiyo alikuja na kitambaa cheusi, kizuri.

"Mzee Nasiri, nishonee suti. Iwe tayari Ijumaa. Inikae vizuri, maana nitaivaa mara moja tu."

"Harusi ya nani, afande?"

"Si harusi."

Nasiri akampima kiuno, akarudia akidhani amekosea. Mwaka jana kilikuwa sentimita tisini na sita. Leo themanini na mbili! Jamani, mtu anayeyuka hivi na hakuna anayeuliza?

"Unalala lakini?"

"Nikifumba macho, simu zinalia." Nsengiyumva akavua saa yake, akaiweka mezani. "Mpe mwanao Kaze. Mimi sitaihitaji."

Nasiri akakunja utepe wa kupimia. Hata vipimo vipya hakuviandika kwenye daftari.

Aliogopa, tusifiche. Aende kituoni akaseme nini, kwamba afande amekonda na amegawa saa? Je, wakimnyang'anya kazi kwa maneno ya fundi? Akaona bora ashike uongo wa mafundi wenzake. Anayengoja suti, alijiambia, atangoja. Basi kitambaa hakukigusa. Ijumaa umeme ulikatika. Jumamosi vifungo havikupatikana. Kila Nsengiyumva alipokuja alikalishwa, akapewa chai ya tangawizi na chapati, na chapati akairudisha nzima. Hakukasirika hata siku moja, na hilo ndilo lililomtisha Nasiri zaidi.

Wiki ya pili msiba ukamwita Nasiri hadi Rwamagana, akalala huko siku mbili. Aliporudi Ijumaa mchana, kitambaa hakikuwepo.

"Suti nimeishona mimi," alisema Mama Kaze, naye ni fundi hasa. "Umenitia aibu, baba. Mtu wa watu unamzungusha hivyo! Kaichukua asubuhi, kashukuru, kasema tumwombee."

Nasiri akakaa sakafuni na viatu miguuni. Akampigia afande simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Ndipo alipomwambia mkewe yote, saa, usingizi, mara moja tu, na Mama Kaze akapiga yowe, mikono kichwani.

"Mungu wangu, nimemuua!"

Nasiri akatoka mbio kutafuta pikipiki. Hakufika mbali. Nsengiyumva alikuwa anapandisha barabara ya mawe, ndani ya suti nyeusi. Mabega ya koti yamemwanguka, mikono yake imemeza vidole, suruali ameikamata kwa ngumi isidondoke. Watoto wanamcheka.

"Mama Kaze amemshonea mtu mwingine," alisema. "Nimejitazama kwenye kioo, nikashindwa... Siwezi kwenda hivi."

Mama Kaze alikuwa amefuata daftari.

"Si mtu mwingine," Nasiri akamwambia. "Ni wewe huyo, wa mwaka jana."

Nsengiyumva akashika koti pale tumboni, penye nafasi tupu, akaanza kulia mbele za watu, suruali bado mkononi. Nasiri akamwingiza ndani, akafunga mlango. Akamwomba namba ya Gaudiose, dada yake wa Gahanga. Akapewa, akapiga. Gaudiose akasema yuko njiani, asiachwe peke yake hata dakika moja.

Chai ikaletwa. Nsengiyumva akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Utaipunguza lini, mzee?"

"Siipunguzi," alisema Nasiri. "Kula chapati. Njoo kesho nikupime."