Wafanyakazi Watatu wa Cae Eithin

Kwa umma wote wa Wales, na kwa vizazi ambavyo bado havijazaliwa: ifahamike kwamba mimi, Emlyn Prydderch, mwenye umri wa miaka kumi na sita, nimeteuliwa kuwa Mtafiti Mkuu wa Historia ya Ukoo wetu. Uteuzi ulifanyika siku ya pili baada ya shule ya bweni kunirudisha nyumbani kwa wiki mbili, kwa kosa dogo lililohusu mchuzi wa kuku na buli la chai la mwalimu mkuu. Hapakuwa na mgombea mwingine. Watu wengine wote walikuwa na kazi.

Aliyeniteua ni Babu Gwilym. Mwaka 1942, wakati wa vita, baba yake, Ifor, aliondolewa na serikali kwenye shamba lake la Cae Eithin kwa madai kwamba alikuwa mkulima mbovu. Tangu hapo, kila Babu akienda kwenye mnada wa kondoo, mzee Trefor, mkulima mwenzake, humwita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Gwilym, kaa chini, usije ukachoka kama baba yako!" Watu hucheka. Babu naye hucheka, halafu hurudi nyumbani kabla mnada haujaisha.

"Nataka kujua tu," aliniambia. "Alikuwa mvivu au hakuwa? Nikishajua, Trefor aseme anachotaka."

Jibu lilikuwa kwenye karatasi za sensa ya mashamba ya mwaka 1941. Niliandikia hifadhi ya nyaraka, na baada ya siku tisa picha zikaingia kwenye kompyuta yangu. Karatasi ya kwanza alijaza Ifor mwenyewe: ekari tisini, kondoo mia moja na kumi, farasi mmoja, wafanyakazi hakuna. Ya pili alijaza mkaguzi. Daraja: C, la chini kabisa. Sababu: kasoro za mkulima mwenyewe.

Jikoni nilimsikia Babu akipiga mluzi huku akipaka siagi kwenye mkate. Nikaitazama ile C. Ningeanzaje kumpelekea?

Kwa hiyo nikaitengeneza kwenye kompyuta. C ikawa A. Kasoro zikafutika. Na kwa kuwa msanii halisi haishii njiani, nikaona aibu mtu wa daraja A kuwa na farasi mmoja. Nikampa wanne. Nikamwongezea na wafanyakazi watatu, wanaume wazima, kwa kunakili tarakimu zake mwenyewe kutoka pembe nyingine za karatasi. Nikazichapisha zote mbili kwenye ukurasa mmoja, nikaenda jikoni nikitembea kama askofu.

"Babu, pokea ushahidi."

Akavaa miwani. Ile A aliipita kama mtu anayepita kibao cha dukani. Kidole chake kikashuka hadi kwenye safu ya wafanyakazi, kikaganda pale.

"Watatu," alisema.

"Lakini tazama daraja, Babu! A!"

"Daraja ni maneno ya mkaguzi. Huenda mama alimkaribisha keki. Hizi hesabu ni za baba mwenyewe." Akavua miwani. "Wanaume watatu na farasi wanne. Na bado nusu ya shamba ilikuwa magugu, niliyaona kwa macho yangu. Basi Trefor alisema kweli miaka yote hii."

Sikuwa nimelitarajia hilo. Nilikuwa nimetarajia keki.

"Labda walikuwa wagonjwa," nikasema.

"Wote watatu?"

"Palikuwa na mafua mabaya sana enzi hizo."

"Na farasi?"

"Farasi nao... wanaambukizwa."

Babu akaanza kuikunja karatasi taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Kisha akasita, akaikunjua tena.

"We mtoto. Hawa watu walikuwa wakila wapi?"

"Kula?"

"Siku zile, anayefanya kazi shambani anakula meza moja na mwenye shamba. Mimi nilikuwa na miaka mitano, na jikoni kwetu viti vilikuwa vitatu: cha baba, cha mama, na changu. Hao wanaume walikula wamesimama? Waliitwa nani? Nitajie hata mmoja."

Nikawaza haraka. Lilinijia jina la Dafydd. Nikafungua mdomo nilitaje, nikaona jinsi alivyoniinamia kulisubiri jina, nikaufunga.

"Hawakuitwa kitu, Babu. Niliwaajiri mimi. Leo asubuhi."

Nikakimbia kuchapisha karatasi halisi, nikaziweka mbele yake, nikasogea karibu na mlango kwa tahadhari. Babu alisoma ya kwanza mara mbili.

"Hakuna," alisema polepole. "Ekari tisini za mlima. Farasi mmoja. Peke yake." Akapiga meza kwa kiganja, chai ikaruka. "Peke yake! Trefor ana wanawe wawili na trekta mbili, na bado nyasi zake zinaoza!" Macho yake yalikuwa na maji, lakini alikuwa anacheka, safari hii kicheko chake mwenyewe.

Ndipo akafika kwenye ile C. Akaigonga kwa kucha, akanitazama.

"Kumbe hii ndiyo uliyokuwa unanificha?"

"Ndiyo, Babu. Niliisoma, nikaiamini kuliko hesabu za baba yako."