Vitabu Vyafunguka Simuni

Kwa siku tatu mkutubi alihangaika na kompyuta kuukuu aliyoigeuza kuwa seva ya Linux, ili wasomaji wafungue vitabu vya maktaba kwenye simu zao. Kwenye seva vitabu vilifunguka. Kwenye simu, patupu. Akampigia dada yake, fundi wa kompyuta.

"Mdogo wangu, ule ukuta wa ulinzi uliouwasha juzi kwenye seva kuzuia wavamizi, umeuachia mlango wa simu kupita?"

"Mama yangu! Kumbe nimewafungia watu nje mwenyewe!"

Akaandika amri moja ya kuufungua, akabonyeza.

"Kimefunguka!" akapaza sauti mzee mmoja aliyeketi mezani humo maktabani, akiinua simu yake.

Mkutubi, ambaye kutwa huwanyamazisha watu humo ndani, alipiga kigelegele hadi wapita njia wakachungulia madirishani.