Nywele za Mzee Koki

Kila Jumamosi asubuhi, fundi bomba ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Koki aliingia kwa kinyozi, akavua kofia na kuketi kwenye kiti cha dirishani. Kinyozi alimfunga shuka shingoni, akamshika kidevu na kumgeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai, kisha akaanza kazi. Akimaliza kunyoa alikuwa na utaratibu wake: taulo la moto usoni, mafuta kidogo kiganjani, halafu kumkanda kichwa kuanzia kisogoni hadi kwenye paji. Hapo Mzee Koki alifumba macho. Wanaume waliokuwa kwenye benchi hawakumcheka, maana kila mmoja alikuwa anasubiri zamu yake ya kufumba.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Siku ya maziko alikumbatiwa na watu wengi mpaka kifungo cha shati kikang'oka, na tangu siku hiyo hakuna mkono uliomgusa isipokuwa wa kinyozi. Mwanawe, aliyeishi naye nyumba moja, yeye na mke wake, alikuwa mtoto mwema, tusimsingizie. Asubuhi alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, akasema, "Shikamoo, baba." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu." Basi, ndiyo imetoka hiyo mpaka kesho. Mkwe naye alimpa chai kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akarudi jikoni. Marafiki zake wa rika moja walimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, kila mtu na mgongo wake unaouma.

Alimkumbuka sana marehemu mkewe. Alikumbuka hasa zile jioni alipotoka kazini, akajilaza mkekani na kuweka kichwa mapajani pake, naye akamkuna taratibu huku akimsimulia ya majirani. Hamu hiyo ilimkaa kifuani kutwa nzima, hata akiwa chini ya sinki za watu. Lakini hakumwambia mtu. Fundi mzima, mwenye mvi na wajukuu njiani, atoke hadharani aseme anataka kukunwa kichwa? Amwambie nani?

Jumatatu moja alishindwa kuvumilia. Akaingia kwa kinyozi, akaketi.

"Mzee, si nimekunyoa juzi?" kinyozi akauliza.

"Nilidhani zimeota."

"Hazijaota. Na unajua sheria ya hapa. Kiti hiki ni cha kunyolewa, si cha kupumzikia. Nikikuruhusu wewe, hawa wa kwenye benchi watahamia na mito."

Mzee Koki akasema ni kweli, akaondoka. Kesho yake alipoamka, nywele zilikuwa zimefika mabegani. Kofia haikuingia, akaiacha nyumbani, akarudi kwa kinyozi. Kinyozi alipitisha kitana, akaridhika.

"Sasa hapo sawa," akasema, akamfunga shuka.

Ikawa hivyo kila siku. Kinyozi alitania kwamba ikiwa akili ni nywele na kila mtu ana zake, basi Mzee Koki ametuacha mbali sote. Wateja wa mabomba ndio waliolalamika. Mama mmoja alimwita azibue sinki. Akaizibua vizuri, lakini kabla hajakusanya spana zake nywele zilikuwa zimeshuka na kuiziba upya. Akaizibua tena, akamwomba radhi, akafunga kichwa kwa kitambaa.

Mwanawe alikaa kikao na mkewe, wakampeleka hospitali. Daktari alivuta unywele mmoja, akautazama kwenye mwanga.

"Nywele zina afya njema kuliko mwenyewe," akasema. "Nyie wanaume hamjitunzi. Mzee, kunywa maji, tembea, ulale mapema, punguza mawazo."

Mzee Koki hakuwa mbishi. Alikunywa maji, akatembea asubuhi, akalala mapema. Presha ikashuka, ngozi ikang'aa, hata goti likaacha kulia. Nywele zikaendelea kuota, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa anakula vizuri.

Kisha kinyozi akateguka kifundo cha mkono. Akafunga duka na kubandika karatasi mlangoni kwamba atarudi mkono ukipona. Nywele za Mzee Koki zikajaa chumbani, zikapita chini ya mlango, zikafuata korido mpaka mlangoni kwa mwanawe. Mwanawe alipofungua asubuhi akaziruka, akakwama, akaona kwamba lazima afanye jambo. Akamtoa baba yake uani, akamketisha kwenye kigoda, akaleta mkasi.

Alianza kukatia mbali, akisogea kidogo kidogo. Mkwe alizoa nywele kwa ndoo. Zilipobaki fupi, mkasi ulikataa kukata sawasawa bila kushika kichwa. Mwanawe akasita. Halafu akaweka mkono.

Nywele zikaacha kuota. Wote watatu waliliona hilo, maana mpaka hapo zilikuwa zikisogea mbele ya macho yao. Mkono ulikuwa mzito na wenye joto, na Mzee Koki akafumba macho. Mwaka mzima alikuwa amengoja jambo hili bila kujua kwamba analingoja kutoka kwa huyu. Uache hapo, mwanangu, alitaka kusema. Uache kidogo tu.

"Samahani, baba," mwanawe akasema, akautoa.

"Samahani ya nini?"

Mwanawe akatazama saa yake, akatazama ukuta. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu amguse babake mara ya mwisho, na hakujua mtu mzima huuweka mkono kwa muda gani.

"Utachelewa kazini," Mzee Koki akasema.

Jioni mwanawe alirudi na boksi. Ndani mlikuwa na mashine mpya ya kunyolea, ya kuchaji, na kioo cha kusimamisha mezani. Alikuwa amezunguka maduka mengi kuitafuta, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata suluhisho.

"Sasa hutahangaika tena na watu, baba. Unajinyoa mwenyewe, saa yoyote unayotaka."

Mzee Koki akaigeuza mkononi. Ilikuwa mashine nzuri, na mtoto alikuwa ametoa kwa moyo. Akamshukuru sana.

Kinyozi alipofungua duka, alimwona Mzee Koki akipita na mkoba wake wa spana, kichwa kimenyolewa vizuri. Akampungia mkono, naye akapunga. Nyumbani Mzee Koki alijinyoa asubuhi, akajinyoa mchana akirudi kula, akajinyoa jioni. Mkwe alizizoea nywele, akawa anazifagia pamoja na vumbi.

"Inanyoa vizuri?" mwanawe alimuuliza siku moja, akiwa amesimama mlangoni.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema, akaiwasha tena.