Sura ya Bibi kwenye Ngazi ya Viumbe

Kazini wananiita Pilipili, na siku ile jina lilinikaa sawasawa. Nilipomwambia mjomba kwamba ile sura ya plasta tuliyoitoa stoo ni ya bibi yake mzaa mama, alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema, "Watu wanafanana." Basi. Mwanamume mzima aliyebebwa mgongoni na yule mwanamke mpaka akajua kutembea, ananiambia watu wanafanana.

Mjomba ndiye mkurugenzi wa makumbusho. Mimi natengeneza vitu vya maonyesho: samaki wa nta, mifupa ya bandia, majani yasiyonyauka. Wakati ule tulikuwa tunaufufua ukumbi wa zamani, ulioonyesha wataalamu wa kale walivyofikiri juu ya uhai na umri wa dunia, kabla watu hawajajua kwamba viumbe hubadilika. Mwanzoni niliupenda, sikatai. Kulikuwa na kabati la matambara machafu na punje za ngano, maana waliamini panya huzaliwa humo bila baba wala mama. Kulikuwa na jiwe la mlimani lenye chaza ndani yake. Mmoja alisema gharika ndiyo iliyompandisha huko, mwingine akasema hapana, jiwe lilikuwa linacheza tu, likajitengenezea chaza. Nilicheka peke yangu nikipanga panya wangu. Kukosea kupo, na wale angalau walikuwa wanauliza.

Halafu ikaja ngazi.

Ngazi ya mbao, inagusa dari. Chini kabisa mawe, kisha mimea, minyoo, samaki, ndege, na nyani usawa wa kifua cha mtu. Juu ya nyani zikafuata sura za watu wa kila namna, na kileleni malaika aliyepakwa rangi ya dhahabu. Wenye ngazi yao walisema kila kiumbe kiliwekwa kwenye kipandio chake siku ya kwanza ya dunia, na hapo ndipo kitakapokaa. Hakuna anayepanda, hakuna anayeshuka. Kipandio kilichomfuata nyani kilikuwa kitupu, kikiisubiri ile sura ya stoo, na maelezo yake ya zamani bado yamebandikwa: "Mwanamke wa daraja la chini. Macho yaliyofumba yaonyesha akili isiyoamka."

Nilisoma mara mbili. Jamani, mtu akimwagiwa plasta usoni atafumbua macho aone nini? Inapokauka inapata moto, itamuunguza. Waliomwagia ndio waliomwambia afumbe, tena naamini walimwambia kwa ukali. Wakamaliza, wakanawa mikono, wakaenda kuandika kwamba amelala. Niliketi sakafuni kwa hasira, sura ikiwa mapajani mwangu.

Hadithi ya plasta tumekua nayo nyumbani. Mama na mjomba walilelewa na bibi huyo baada ya mama yao kufariki, naye aliwasimulia kila mara. Alikuwa msichana. Wageni wakamwita hemani, wakamlaza chali, wakamtia mirija miwili puani apate kupumua, wakammwagia uji mweupe. Ulipokauka wakauvuta, ukatoka na nyusi zake. "Walininyonyoa kama kuku wa wageni," alikuwa akisema, na anacheka mpaka anakohoa. Hakupigwa picha maisha yake yote. Sasa nilikuwa nimemshika. Kovu lilikuwepo kwenye nyusi ya kushoto, pale alipoangukia jiwe la jikoni utotoni, na ndani ya plasta zilikuwa zimenasa nywele fupi nyeusi.

Nikarudi ofisini kwa mjomba na sura yenyewe. Nikaiweka juu ya meza yake.

"Nionyeshe mtu mwingine mwenye kovu hili," nikasema.

Hakuliangalia. "Pilipili, sikiliza. Hii ni historia ya makosa. Watu waje waone yaliyoaminiwa. Tutaandika pembeni kwamba si kweli. Wafadhili wanataka ngazi ikamilike kama ilivyokuwa."

"Waonyeshe ngazi. Waonyeshe na maelezo. Wazo ni lao, mjomba, lakini sura ni yetu."

"Ningesema mbele ya wafadhili kwamba huyo ni bibi yangu? Wangenitazamaje mimi?"

Kumbe. Kumbe alikuwa anajua tangu siku tuliyoitoa sura stoo. Nilitamani kumrushia kidau cha wino, na ningekuwa nimeachishwa kazi ningemrushia na kiti.

Nilikataa kuifunga kwenye ngazi. Akamwita seremala, akaifunga kwa skrubu nne. Maskini seremala, hata hakujua anamfunga nani.

Jioni nikaenda kwa mama. Mama ni dada yake mkubwa, miguu imeshachoka, na mjomba alikuwa ameshamletea kadi ya ufunguzi, aketi mstari wa mbele kama kawaida. Nilimweleza yote. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Wamemweka wapi?"

"Juu ya nyani."

Alikunja kadi, akaiweka chini ya mto. "Nitakwenda," akasema.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulinukia vanishi. Mjomba alipendeza, siwezi kumnyima hilo. Aliwatembeza wageni kwenye panya na chaza, wakacheka palipostahili. Alipofika kwenye ngazi akaanza kuelekeza kwa fimbo, kutoka mawe kwenda juu. Alimtaja nyani. Fimbo ikaruka kipandio kimoja, ikaenda kwa waliofuata.

Mama akainuka. Alitembea polepole, akishika migongo ya viti, mpaka akafika mbele ya ile sura. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Fimbo ya mjomba ikabaki hewani. Mama akamgeukia. "Mdogo wangu, umepita mbele ya bibi asubuhi nzima hujamwamkia."

"Dada, tafadhali. Si hapa."

"Nitasubiri."

Akasubiri kweli. Nikaenda kumshika, akanisukuma kwa kiwiko. Mgeni mmoja alimuuliza mwenzake kama hii ni sehemu ya maonyesho.

Mjomba aliweka fimbo chini. Akaja mpaka usawa wa nyani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaitazama ile nyusi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu, "Shikamoo, bibi."

"Haya," mama akasema. "Mshushe."

"Dada, wafadhili..."

"Nimesema mshushe."

Mjomba alinyoosha mkono nyuma bila kunitazama. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu tangu asubuhi, na sitasema niliiweka humo kwa ajili ya nini. Nikampa. Alifungua mwenyewe, vibaya, mtu asiyejua kazi. Skrubu moja ikabingirika chini ya kiti cha mfadhili, mfadhili akainua miguu. Sura ilipoachia, mjomba aliidaka kwa mikono miwili, na suti yake ikajaa unga mweupe kifuani.

Akataka kumkabidhi mama. Mama akarudisha mikono nyuma.

"Alikubeba wewe mpaka ukatembea," akamwambia. "Sasa mbebe."

Nyumbani si mbali. Alitembea na bibi yake mikononi kupita katikati ya wageni, mama akiwa nyuma yake. Mimi niliwafungulia mlango. Hasira nilikuwa nayo bado, na hata leo ninayo. Ila niliushikilia ule mlango wazi mpaka walipotokomea kwenye kona.